Kambare Asiyeuzwa wa Kalemawe

Dada Nakiete, shikamoo.

Natumaini baridi ya Vudee haijakurudishia kikohozi. Huku bwawani Kalemawe jua linakaanga mpaka mawe. Nimekaa tangu asubuhi na Samweli, yule Muha tuliyepunguzwa kazi naye kwenye shamba la mkonge. Kila mtu na ndoana yake, na hakuna mwenye haraka.

Samweli kavuta kambare mrefu kama mkono wangu. Kabla hatujawasha moto, akasimama mfanyabiashara wa Hedaru na pikapu yake, akataka kumnunua. Tukamwambia hauzwi, tunamla hapahapa. Akatucheka. "Nyie bado mmelala! Siku hizi ruksa kuuza kila kitu."

Samweli hakutoa hata jicho kwenye mshipi. "Basi na kutokuuza ni ruksa."

Yule bwana akanuna, akazunguka gari lake, halafu nikamwona anavua viatu. Akaomba ndoana! Amekaa nasi mpaka jioni na hakupata hata dagaa. Tukampa kichwa cha kambare, maana kwetu kichwa ni cha aliyetoka kapa. Amekifyonza mpaka macho.

Najua utasema mtu asiye na kazi anapata wapi uso wa kuvua kwa starehe. Dada yangu, nilipunguzwa kazi. Raha sikupunguzwa.

Wakumbatie wajomba zangu, hao wanao. Jumapili napanda mlima mikono mitupu, nanuka samaki, na usinifungie mlango.

Mdogo wako,
Elieza