Honi ya Kiberenge Kule Mombo

Salumu ndugu yangu,

Honi ilipigwa. Kwa miaka minne nimemwambia kila aliyeniuliza kwamba haikupigwa, na mkeo nimemwambia zaidi ya wote. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu jana daktari alimwita binti yangu nje ya chumba, wakazungumza muda mrefu, na aliporudi alikuwa akijilazimisha kutabasamu. Moyo umechoka. Naogopa, Salumu. Kaburi siliogopi kama ninavyoogopa kukukuta huko ukiwa hujaambiwa.

Bado niko hapa Dubai, mtaa wa Al Mankhool, chumba kile kile kinachotazama maegesho ya magari. Siendi tena soko la Naif kutafuta lenzi za mitumba. Hapa nchini sasa kuna reli inayokatiza jangwani mpaka milimani, nawe uliidharau hata treni ya mjini, Metro, kwa kuwa haina dereva wa kupungiwa mkono. Kamera yako ninayo. Sijaiwasha.

Unakumbuka tulivyokuwa? Mwaka mzima tunapiga picha mawe ya milima ya Hatta siku za mapumziko, tukijifunza mwanga, ili likizo ikifika twende Tanga. Kule tulidamka alfajiri, tukashinda kutwa kwenye reli ile ya enzi ya Wajerumani: stesheni kuukuu, mashamba ya mkonge, Usambara imejifunika mawingu. Jioni tukarudi kula kwa dada yako. Wewe masikio yalikwisha, miaka ishirini ukihudumia jenereta kwenye majengo ya watu, wala hukuona haya. Hata muuza mahindi ulimwambia, "Sema na huyu mwalimu, mimi nimebaki na macho tu." Ndiyo tukagawana kazi. Wewe unapiga magoti katikati ya reli, kamera chini kabisa. Mimi nasimama pembeni nasikiliza. Nikikugusa bega, unatoka. Hukuwahi kuuliza kwanza.

Siku ile tulikuwa kwenye kona, chini ya mlima, mbele kidogo ya Mombo. Treni ilikuwa imeshapita. Ulitaka picha ya reli zinavyopinda na mlima nyuma yake. "Dakika mbili, mwalimu," ukasema, "wingu linaondoka." Nami nikawa nalitazama wingu. Kiberenge cha mafundi wa reli, kile kigari chao cha mota, kikatokea kwenye kona. Nilikiona kikiwa karibu mno. Mkono wangu haukufika begani kwako.

Mwanamke aliyekuwa akikata kuni juu ya ukingo wa reli aliteremka analia. Akasimama mbele yangu akasema, "Babu, mmepigiwa honi mara tatu, mbona hamkutoka?" Nikamwambia amekosea. Polisi walipofika nikawaambia vilevile, kwa Kiswahili changu cha darasani na mvi zangu, na yule mwendeshaji wa kiberenge amesimama na kandambili zake. Wakaniamini mimi. Aliondolewa kazini. Nasikia sasa anachoma mkaa.

Mkeo Mwanaidi amehamia kwa mwanao, ghorofa iliyo chini yetu. Kila asubuhi ananiletea uji wa mchele. Nikiona kivuli chake chini ya mlango, najiinua kitandani kabla hajaingia. Anakaa, anaupuliza uji kama wa mtoto, kisha ananiambia, "Kunywa, shemeji. Yule mtu wa kiberenge Mungu anamwona." Nami nakunywa. Juzi akaongeza, "Nikiswali namwombea mabaya, halafu naona haya kwa Mola wangu." Nikaliweka bakuli chini. Nimemtia na yeye kwenye dhambi yangu.

Nimejaribu kujitetea kwako moyoni. Nasema upepo ulikuwa mkali, nasema kona ilikuwa ndefu, mtu yeyote angekosa kusikia. Si kweli. Upepo haukuwepo kabisa. Ndiyo maana tulilingoja wingu muda wote ule.

Kesho akija sitauonja uji. Nitampa barua hii aisome mbele yangu, kisha nitamwomba mwanao aifikishe Mombo, kwa yule mtu na kwa wakubwa wake wa zamani. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Mwanaidi akitoka asirudi tena, ni haki yake. Nawe nikikukuta, usinipe mkono kabla sijakuomba radhi. Kwaheri, Salumu. Mungu akurehemu.

Lakini haitoshi kusema sikusikia. Mwaka mmoja kabla ya safari ile, daktari wa masikio hapa Bur Dubai alinipima. Akaniambia mtu akiwa mbele yangu nitamsikia, ila sauti za mbali zimekwisha kunipotea, akanipa vifaa vya kuvaa masikioni. Sikukwambia. Niliogopa utatafuta mwingine wa kukusimamia, tena nilikwisha kuzoea kwamba kiziwi ni wewe. Siku ile vilikuwa mfukoni mwa shati langu, vizima, vina betri.