Nabintu, Mashini Yako Haiuzwi

Nabintu mdogo wangu,

Jumapili tulitoa matanga yako, na filamu yako ya wamama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa soko la Kadutu ikaonyeshwa nzima kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia. Nakuandikia nikiwa na kiburi, na asije mtu kuniomba nikipunguze.

Kidogo tu tuikose. Uliiacha imekatwa na kupangwa, imebaki kutolewa faili la mwisho. Mimi nikaanza kwa kusasisha Linux, mfumo wa kompyuta yako, nikidhani nakufanyia usafi. Kuwasha tena, picha zikawa chakavu, zinaganda. Kadi ya picha ilikuwa imempoteza piloti wake, ile programu inayouwezesha mfumo kuitumia. Nikapakua mwingine kwenye tovuti ya watengenezaji wa kadi, nikamsimika kwa nguvu. Skrini ikawa nyeusi tii.

Tonton Déo, mdogo wa baba, akanicheka mbele ya familia: "Weye mutu ya maneno mingi, mashini haiogopaka kelele. Uza ile kitu, tununue bière ya matanga."

Kuuza! Mji mzima ulitumia programu za wizi, wewe ukakataa, ukashika Linux ya bure na halali, wakakuita kichaa. Leo tuuze ushahidi kwamba ulikuwa sawa?

Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia mimi mkubwa wako: "Yaya, soma kwanza, utagombana nyuma." Nikaingia kwa njia ya uokoaji, nikaondoa nilichosimika, nikachukua piloti kwenye hazina ya mfumo wenyewe. Mfumo ukaniagiza nitunge neno la siri, niwashe upya. Ikatokea skrini ya buluu: nisajili ufunguo, nitoe neno la siri. Mimi? Niliyevuka vizuizi vyote vya njia ya Kamanyola bila kumpa jina langu mtu nisiyemjua? Nikakataa, nikaitukana juu yake. Picha zikabaki chakavu. Nikarudia, nikakataa tena, nikijisifu kwa ukaidi.

Ndipo nikasoma ujumbe wa mfumo, kamusi mkononi: piloti amekataliwa, ufunguo wake haujulikani. Nabintu, nilicheka peke yangu hadi nikalia. Skrini ile ilikuwa inamwomba mwenye mashini aseme tu: huyu namjua, apite. Mlinzi alikuwa mimi. Nikatunga tena neno la siri, nikawasha upya, nikausajili ufunguo. Picha ikatulia, na mama wa kwanza akainua beseni lake bila kuganda. Nikalitoa faili la mwisho.

Ukumbini wamama wenyewe walikaa mbele. Mmoja akapiga kelele: "Ni miye ule! Sikujuaka niko muzuri vile!" Tonton Déo alipiga makofi kuliko wote. Bado sijamsamehe.

Jina lako liko mwishoni, peke yake, kwa herufi kubwa.

Lala salama, mdogo wangu. Naahidi filamu hii itafika Kavumu na Katana, nitaibeba mwenyewe. Na atakayesema ulikuwa unachezea kompyuta, ajiandae kubishana nami mpaka anyamaze.

Yaya wako