Chai ya Mgeni

Kipara, uko hapo? Nimeumbuka. Usicheke kwanza.

Nilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanangu, bustanini. Nimechuchumaa, nimeinua tofali, naviangalia vile vidudu vya kijivu ninavyokuambiaga, vinavyojiviringa kama punje ya pilipili manga ukivigusa.

Mara mkwe wangu huyo, na sinia. Vikombe viwili vya chai. Viwili, Kipara.

"Baba, mgeni yuko wapi? Nimesikia mnaongea, mnacheka."

Mgeni yuko wapi. Nikasema hakuna mgeni, mama, ni hivi vidudu. Akachungulia chini ya tofali, halafu akaniangalia mimi.

Nikaanza kujikanyaga. Nikamweleza kwamba vinakula majani yaliyooza na kuyageuza udongo, na nyanya zake zinanenepa kwa kazi yao. Yote kweli, lakini silo aliloniuliza.

"Sawa, baba. Na ulikuwa unaviambia nini?"

Ningesemaje? Nilikuwa navisimulia ile siku mimi na wewe tulipoachwa na lori, tukatembea na godoro kichwani mpaka mvua ikatukuta. Humu ndani hakuna anayeitaka tena hadithi hiyo.

Akatua sinia taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale. Sasa namsikia jikoni, kwenye simu na mume wake: "Baba ameanza kuongea peke yake."

Tofali nimelirudisha, vidudu hivi jua linaviua.

Kikombe changu nimemaliza. Chako kinapoa.