Soneri Haifiki kwenye Jina la Claudette

Mama Fadhila mshauri wetu wa redio, nisaidie minye kaka yako, maana sina pa kukaa, nikikaa nasimama, nikisimama natembea, na telefoni iko mkononi kama yai.

Minye ni muimbaji. Shule iliniacha darasa la tano lakini gitari haikuniacha, hapa Kavimvira vijana wananiita Tonton Gitari, na siku moja nilipiga kando ya Ruzizi viboko wakatoka majini, wakasimama wananisikiliza mpaka nikawaambia muende kulala. Basi nilitunga wimbo wangu mwenyewe, nikaurekodi kwenye telefoni, na unajua desturi yetu, muimbaji anataja ndani ya wimbo majina ya bantu waliomsaidia. Nilianza na Olga, jirani yetu muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, kwa sababu ndiye aliyetupikia bugali siku ya kurekodi, kisha wengine, na bibi yangu wa ndoa, Claudette, nikamuweka mwisho kabisa, maana kitu kitamu kinawekwa mwisho, ao namna gani?

Kisha nikaukata ule wimbo kwa vidole vyangu viwili, hakuna fundi aliyenishika mkono, nikaufanya soneri, ule mlio wa telefoni, nikaigawa na kwa bamotari wote wa kituo chetu, wale wabeba abiria kwa pikipiki, leo telefoni ikilia Uvira ujue ni minye ninaimba. Shida ni hii: soneri inaanza na "Olga eee, mama wa ndagala!" na kabla haijafika kwa Claudette muntu amekwisha kushika telefoni. Ikalia kanisani siku ya ubatizo wa mtoto wa dada ya Claudette, Olga eee, wamama wakacheka. Tulipofika nyumbani Claudette akaniuliza, "Baba Achille, na minye ninaimbwa wapi?" Nikamwambia, "Ngojea, inafika." Akasema, "Inafika lini? Nangojea tangu siku uliponioa!" Akafunga vitenge vyake, akapanda moto ya motari mmoja, akaenda kwao Luvungi.

Minye nikaona dawa: nisishike tena. Naacha ilie mpaka mwisho, bantu wajue jina lake liko ndani. Juzi tuko tunacheza drafti, telefoni ikalia mezani, nikainua mkono, "Nyamazeni, inafika!" Na ikafika, Mama Fadhila! "Claudette, taa ya nyumba!" Wenzangu wakapiga makofi, nafikiri hata Bujumbura ng'ambo walisikia. Halafu ikakatika. Kuangalia, kumbe aliyekuwa anapiga ni Claudette mwenyewe.

Sikumpigia. Mwanaume wa sauti kama yangu anapigiwa, hapigi. Nilisema atapiga tena, hajapiga, na sasa kila moto ikipita na soneri ile naruka, nashika mfuko, si yangu. Namba ngeni zikiita naziacha zilie tu. Niambie: nikate soneri upya jina lake lianze, ao ningojee mpaka aelewe kwamba mwisho ndiyo heshima? Namba yangu iko hapa chini.

Tonton Hyacinthe, Kavimvira

*

Kaka Hyacinthe, pole kwa mahangaiko. Pole yangu inaishia hapo.

Gitari unaijua, hilo sikunyang'anyi, ingawa viboko wa Ruzizi ningependa kuwasikia na wao upande wao. Olga naye hana kosa, alipika, akashukuriwa. Lakini wewe unaniuliza habari ya kukata wimbo, wakati mke wako alikuuliza habari yake mwenyewe. Alitaka kujua kama katika nyumba yake yeye ni wa kwanza, au anakuja baada ya ndagala. Ukamjibu, "Ngojea."

Halafu akapiga. Yuko kwao, amekasirika, hata hivyo akaweka kiburi chini akakutafuta. Alitaka kusema nini? Kwamba anarudi? Kwamba mama yake anaumwa? Hujui, kwa sababu ulikuwa unawasikilizisha watu wa drafti. Na mtu anayepiga hasikii soneri, kaka yangu! Ile "taa ya nyumba" mliipigia makofi ninyi. Yeye kule Luvungi alisikia telefoni inaita, inaita, na bwana wake hayupo.

Sasa sikiliza. Soneri hiyo itoe leo, weka ile iliyokuja na telefoni, hata kama inalia kama panya. Usimpigie Claudette, habari za telefoni zimemtosha. Panda gari uende Luvungi. Gitari ibaki nyumbani, na usichukue ndugu wa kukusemea. Ukifika, msalimie mama mkwe wako, ukae pale watakapokuonyesha, na jina la kwanza kukutoka mdomoni liwe la mke wako. Kisha nyamaza. Aongee yeye mpaka mwisho, usimkate. Hapo ndipo utakapotoka jasho.

Na jambo jingine. Kabla ya kuandika majibu haya niliipiga ile namba uliyoweka chini ya barua. Iliita, ikaita, ikakatika. Kama jina la Claudette lilifika, mimi sijui. Sikusikia kitu.