Kivuli cha Penseli Nyekundu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Grafu tena. Ofisi nzima hapa Musoma ina penseli nyekundu moja, nayo imebaki fupi kama kidole gumba. Kila nguzo ni maili moja zaidi kutoka barabarani. Nyumba zikiwa nyingi, nguzo inapanda. Nimechora zote. Nasubiri kuambiwa nitie kivuli wapi.

Neno hilo linanirudisha kwetu Bukima. Baba alikuwaga anaizunguka nyumba na kigoda chake, asubuhi huku, jioni kule, akifuata kivuli. Mbebaji wa kigoda mimi. Leo nimemkumbuka mpaka nikakosea mstari.

Jumatano, 7 Agosti
Afisa kapiga mstari. Nguzo zote za kulia, kivuli. Watu wa huko watahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba yetu imo katika nguzo ya kwanza baada ya mstari. Kaburi la Baba liko uani.

Nimeipaka.

Jumamosi, 10 Agosti
Mama kaja sokoni Mwigobero kuuza dagaa. Nikamwambia nyumba yetu nimeitia kivuli. Akafurahi, akadhani nimewakinga. "Basi tumepona, mwanangu." Ikabidi nimweleze kwamba ofisini kivuli maana yake ni kuhama.

Akafunga gunia lake polepole. "Basi tafuteni neno lingine."

Sijalia hivi tangu msiba wa Baba.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimemwomba Afisa asogeze mstari, nguzo moja tu. Kanijibu kwa upole, na upole huo ndio umeniudhi: "Ndugu, kwenye grafu hakuna mama wa mtu."

Namchukia. Nimerudi mezani nikachonga penseli.

Jumanne, 27 Agosti
Lori limeshafika kwetu. Kaka kaleta habari. Walipakia vyungu, vitanda, kuku waliofungwa miguu. Mlango nao waliung'oa. Mama alichelewa kupanda, alikuwa anafagia kaburi.

Jumapili, 8 Septemba
Nimekwenda kijiji kipya. Nyumba zimepangwa safu moja, mti hakuna hata mmoja. Nilitaka kuomba radhi, Mama akaniuliza kama nimekula.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Baba, ameegemea ukuta, kivuli kimebaki chembamba. Jua likamfikia miguuni. Akainuka. Nikabeba kigoda, tukazunguka upande wa pili.