Posa ya Hashimu Mtakwimu

Devota shosti, posa ya Mwanaidi imevunjika! Kondoa nzima hakuna anayeamini.

Si unamjua Hashimu, yule mtakwimu wa ofisi za serikali kule Mtumba? Kaja mwenyewe na suti, eti mshenga wa nini. Shangazi yake Mwanaidi akamuuliza kwa upole, "Baba, mkeo wa kwanza mliachana kwa nini?"

Akacheka! Mbele ya wazee, akacheka! "Shangazi, talaka moja ni namba tu, siyo takwimu. Takwimu unakusanya nyingi, unalinganisha, ndipo unajua mtu yukoje."

Namba tu! Mke wa ndoa, namba tu!

Shangazi hakubisha. Akaita jikoni. Wakatoka wanawake watatu: huyo wa kwanza, na wengine wawili ambao Hashimu aliwaoa akawaacha bila kuwataja. Kumbe shangazi alishawafuata mmoja mmoja makwao, wenyewe hata hawajuani. Swali moja, jibu moja: kipigo.

"Haya, msomi. Linganisha."

Suti ikalowa jasho chapa!

Mwanaidi akatoka chumbani, macho makavu. "Hashimu, mimi ningekuwa namba ngapi?"

Akajibiwa na yule mke wa kwanza: "Nne, mdogo wangu."