Ngurumo Alivyofungua Kompyuta

Brian mjukuu wangu, sasa? Sisi wazima, shosho yako, mke wangu, bado ananigombeza.

Ati umesahau paswadi ya kompyuta na kazi ya shule imefungiwa ndani? Umeuliza bingwa!

Miaka ya tisini hapa Kariobangi, jirani yetu Baba Rose alienda Kakamega kuleta wazee wa harusi ya Rose. Akaacha ratiba ya harusi ndani ya kompyuta, imefungwa, na harusi ni kesho. Mama Rose akajaribu jina lake, akajaribu ya watoto. Wapi!

Mimi, fundi wa majiko, nikauliza, "Mama, yule fahali wa kupigana wa Baba Rose kule Kakamega anaitwa nani?"

"Ngurumo."

Akaandika, ikafunguka! Tulishangilia wote, isipokuwa Mama Rose. Mzee aliporudi akaambiwa, "Chakula kaombe kwa Ngurumo."

Wewe jaribu jina la yule unampenda kweli. Ikifunguka, mama yako asijue.

Ni mimi guka yako, fundi wa kila kitu.